Fundi Amebomoa Jikoni? Hivi Ndivyo Mtadishi Bila Kualika Kifo Sebuleni

Kama uko Kibugu, Embu, unajua jikoni ya ocha ni nyumba yake kando, imesimama nyuma ya ile kubwa. Ndani kuna mafiga matatu, na moshi unajitokea kwa nyufa za mbao. Sasa doh ya kahawa imeingia na umeamua kubomoa hiyo ya mbao ujenge ya mawe. Poa sana. Lakini fundi akikwambia wiki mbili, wewe panga mwezi, hasa mvua ikianza. Na mbogi ya nyumbani lazima ile kila siku.

Noma huanza hapa: watu wengi wakikosa jikoni hubeba jiko la makaa na kuingia nalo kwa nyumba. Zile nyufa ulizokuwa unazicheka ndizo zilikuwa zinatoa hewa mbaya. Sebuleni hazipo.

Makaa yakiwaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na ikiingia kwa damu inachukua nafasi ya oksijeni. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, kutapika, halafu usingizi. Aliyelala hata hashtuki. Na usidanganywe na makaa mekundu yasiyo na moshi, bado yanaitoa. Ile baridi ya Julai hukufanya utamani kulala na jiko kando ya kitanda. Wacha kabisa, hata kama dirisha liko wazi kidogo. Mtu akizidiwa, mtoe nje kwa hewa safi na umkimbize hospitali.

Sasa mtadishi aje? Gawanya kazi hivi:

1. Vitu vya kuchemka sana, nje. Simamisha miti minne, weka mabati juu, pande ziache wazi. Panga mafiga hapo, mbali na mbao za ujenzi na mahali watoto wanacheza. Funika sufuria, vumbi la simiti si kiungo. Na vipande vya mbao anavyobakisha fundi, chagua. Zilizopakwa rangi au zilizotiwa dawa ya mchwa zisiguse moto wa chakula, moshi na jivu lake vina sumu.

2. Githeri, tumia kikapu. Loweka maharagwe na mahindi usiku, mwaga hayo maji, weka mengine, kisha chemsha kwa nguvu kama nusu saa. Usiruke hiyo hatua, maharagwe mekundu yasipochemka vizuri yanaumiza tumbo vibaya. Tena huku juu karibu na Mlima Kenya maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hivyo mpe muda. Kisha ingiza sufuria ikiwa moto kwa kikapu kilichojazwa blanketi kuukuu, funika kabisa na usichungulie. Joto litaendelea kupika lenyewe huku unasimamia mafundi. Ukitoa, rudisha kwa moto ichemke tena, na iive kabisa kabla ya kupakua. Kuni unazookoa ni nyingi.

3. Chai, mayai na sukuma, meko. Mtungi usimame wima, mlango na dirisha viwe wazi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini sakafuni ikingoja cheche. Paka povu la sabuni kwenye mpira na kichwa cha mtungi. Ukiona mapovu yanafura, funga, toa nje. Kiberiti usiguse.

La mwisho, ongea na fundi kuta zikiwa bado chini. Mwambie unataka madirisha mawili yanayotazamana na bomba la moshi linalopita juu ya paa. Jikoni ya mawe haina nyufa, na ukiikosea hewa sasa, mathe atakuwa anapika ndani ya moshi miaka yote. Kubomoa ukuta uliokauka ni gharama mara mbili, msee.