Chema Chajiuza: Namna ya Kujua Wanapokula Wenyeji Kisiwani Mombasa



Kazi ndiyo iliyonileta Tala, mji wa soko kando ya barabara ya Kangundo, kaunti ya Machakos. Mimi ni mtoto wa kisiwani Mombasa, na huku bara jina langu limekuwa "Ustadh", japo sijafundisha madrasa hata siku moja. Mwaka jana mwenye nyumba ninayopanga, mzee wa Kikamba, alikuwa akienda Mombasa kumtazama mwanawe. Akaniuliza, "Ustadh, wewe ni mtu wa huko. Nikifika nile wapi?"

Nilijibu haraka mno. Nikamtajia hoteli moja niliyoijua tangu ujana wangu. Aliporudi nilimkuta kibarazani, akanitazama kwa huruma. Alikuwa amekula pilau baridi, akalipa pesa nyingi, na kila aliyekuwa mezani alikuwa mgeni kama yeye. "Ustadh," akasema, "sifa za chakula chenu nimezisikia tangu zamani. Kumbe ni hivyo tu?"

Maneno yale yaliniuma. Nilijua kosa si la mpishi peke yake. Kosa lilikuwa langu mimi niliyemwelekeza.

Na wala sikuwa na udhuru, kwa sababu mimi mwenyewe nimepata kuwa mgeni hapa Tala. Siku za kwanza nyama niliiogopa, sikujua imechinjwa na nani, nikawa nashinda kwa chai na mkate. Aliyeniokoa ni kijana wa mkokoteni pale sokoni. Sikumuuliza hoteli nzuri iko wapi. Nilimuuliza yeye amekula wapi mchana ule. Akanipeleka kwa mama mmoja nyuma ya wauza nafaka, anayepika muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kuchanganywa na maharagwe. Tangu siku ile sijalala njaa Tala.

Maswali haya mawili yanafanana, lakini majibu yake hayafanani. Ukimuuliza mwenyeji "hoteli nzuri iko wapi?", hufikiria kile anachodhani kinamfaa mgeni: kibao kikubwa, viti vya mito, karatasi ya bei. Ukimuuliza "wewe leo umekula nini, na umenunua kwa nani?", hufikiria ulimi wake na mfuko wake. Hapo ndipo ukweli unapotoka.

Jambo la pili ni saa. Kisiwani kwetu chakula kizuri kina wakati wake. Mtu anaweza kupita mlango ule ule saa nane mchana akaona ukuta mtupu, kumbe alfajiri pale palikuwa na foleni.

Asubuhi ni ya mahamri na mbaazi za nazi. Vitumbua navyo huwa vipo, na mkate wa kumimina kwa anayeuwahi. Vingi hupikwa majumbani na kuuzwa mlangoni, hasa katika vichochoro vya Mji wa Kale. Kibao hakuna. Dalili ni watoto. Ukiona mtoto ametumwa na bakuli au sahani iliyofunikwa kitambaa, mfuate. Hakuna mama anayemtuma mwanawe kwa mpishi asiyemwamini. Na uwahi, maana saa nne ikifika sufuria limeshaoshwa.

Mchana ni wa wali. Wali wa nazi na mchuzi wa samaki siku za kawaida, na Ijumaa baada ya sala ni pilau na biriani. Wageni wengi wakitoka kutazama Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, hukaa pale pale karibu na lango wakala kinachopatikana. Sisemi ni kibaya. Lakini ukijongea hadi Kibokoni, au ukizunguka upande wa Marikiti ambako watu huja kununua viungo, utawaona wafanyakazi wa maduka na wachukuzi wanakula wapi. Watu wale wana nusu saa tu na pesa kidogo, hawawezi kubahatisha. Watazame meza zao kabla ya kutazama karatasi ya bei.

Baada ya alasiri watu hutoka kupunga upepo. Barabara ya Mama Ngina, inayotazama mlango wa bahari, hujaa familia. Pale kuna mihogo ya kuchoma na ya kukaanga, inayopasuliwa na kutiwa chumvi, pilipili na ndimu. Kuna kachri, kuna mabuyu, kuna madafu. Mitaani nako makarai yako motoni: viazi karai, bajia na mishikaki. Hapa mtazame mpishi. Mafuta yakiwa meusi, pita. Chatne ya ukwaju ikiwa imeachwa wazi nzi wanaitembelea, pita. Ukimkuta anakaanga kidogo kidogo kadiri ya wanunuzi, simama hapo hapo.

Usiku, wanaotaka kuku wa kuchoma na mkate wa moto hujazana Tarboush, barabara ya Makadara, na siri hiyo haijifichi, kwa sababu moshi wake huonekana kutoka mbali. Lakini ukitaka kuujua mji, tafuta kahawa chungu. Muuzaji huwa na dele lake juu ya makaa na vijikombe visivyo na mkono, na huvigonganisha ili watu wamsikie. Kahawa ile haitiwi sukari. Utamu wake ni kashata au haluwa unayotafuna pembeni. Ukikaa kwenye baraza, ukasalimia, ukanywa vikombe viwili, utaambiwa wa tatu mtu amekulipia, na kesho utakula wapi.

Mwezi wa Ramadhani saa hizi zote hugeuka. Mchana majiko mengi huwa kimya. Kuanzia alasiri mitaa huamka: sambusa, kaimati, tambi, uji wa pilipili manga, tende. Asiyefunga asihofu, aje jioni na atakaribishwa.

Kanuni hii inafanya kazi katika visiwa vingine pia. Unguja, kila mgeni hupelekwa Bustani ya Forodhani usiku, na wenyeji pia huenda, kwa maji ya miwa na maongezi. Lakini ukiuliza watu wa Mji Mkongwe wanakula wapi mchana, wengi watakutajia Lukmaan, Mkunazini, na urojo wa mtu fulani wa mtaani kwao. Kahawa yao utaikuta kwenye baraza la Jaws Corner. Lamu, uliza wanaotoka na jahazi, wao wanajua nani amepika samaki leo.

Adabu nazo ni sehemu ya bei. Unaponunua mlangoni, piga hodi na usalimie kabla ya kutaja pesa. Usimpige picha mama wa watu bila ruhusa. Beba chombo chako ukiweza. Ukiambiwa "yamekwisha", usibishane, shukuru na uje mapema kesho.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya mama mmoja wa mtaani kwetu. Alipika mahamri mlangoni kwake tangu mimi nikiwa mdogo, na kwa donge lile la unga aliwasomesha mabinti zake. Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho, seredani yake ilikuwa imeegeshwa ukutani. Nikauliza kulikoni. Akasema, "Mwanangu, unga umepanda, na wanunuzi wangu nyote mmehama." Hakuna aliyemfungia biashara. Tulimfungia sisi tulioondoka. Wageni wakituuliza nile wapi, tunawatajia majina yenye vibao, na yeye jina lake hatumtaji. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini chema hakiwezi kujiuza kwa watu waliohama.

Mwezi uliopita mzee wangu alikwenda tena Mombasa. Safari hii sikumpa jina la hoteli. Nilimpa swali tu, nikamwambia alale mapema. Alimuuliza dereva wa tuktuk alichokula asubuhi ile, na dereva akampeleka kichochoroni hadi mlango usio na kibao. Alirudi Tala na mfuko wa mabuyu na mahamri manne yaliyokwisha kukauka kwa safari. Akaniwekea mezani, akasema, "Ustadh, yule mama amesema umsalimie, ingawa hakujui."

Niliyachovya katika chai, nikala yote manne.