Mahali pa Kuupiga Mpira: Nasaha kwa Wazee na Vijana

Jambo hili bila shaka mmeliona. Vijana wanacheza mpira baada ya alasiri, na wazee wamesimama kando wakitazama. Mtoto mmoja aupata mpira mbele ya lango, aupiga kwa nguvu zake zote, nao wapaa juu ya mwamba na kupotelea vichakani. Papo hapo apigiwa kelele: "Piga vizuri!" Mara ya pili aongeza nguvu, na mpira wapaa zaidi. Mara ya tatu, mpira umjiapo humpa mwenziwe upesi, kwani ameona haya kujaribu tena.

Yatupasa tuulize: kosa la mtoto huyu ni nini? Nguvu anazo, na nia anayo. Alichokosa ni elimu moja ndogo ambayo hapana aliyempa: mpira hauendi kule atakako mpigaji, bali huenda kule unakotumwa na mahali ulipopigwa. Kumgombeza mtoto kwa kosa ambalo hakufundishwa sababu yake si malezi.

Mpira wa watu wazima, kwa sheria za mchezo, una mzingo wa sentimita 68 hadi 70. Yaani upana wake, upande hadi upande, ni kiasi cha sentimita 22 tu. Katika upana huo mdogo mna njia nyingi. Ukipigwa katikati khasa, huenda moja kwa moja. Ukipigwa chini ya katikati, hupaa. Na kwa kuwa kimo cha lango ni mita 2.44 tu, mguu ukishuka kidogo kupita kiasi, goli limekwisha potea. Ukipigwa ubavuni, huzunguka na kupinda njiani: apigaye ubavu wa kulia huupinda kushoto, na apigaye ubavu wa kushoto huupinda kulia. Sababu yake ni kuwa mpira unaozunguka huusukumia upepo upande mmoja, na upepo nao huusukuma mpira upande wa pili. Mtaalamu wa Kijerumani, Heinrich Gustav Magnus, aliichunguza nguvu hiyo mwaka 1852, naye hakuwa akishughulika na kandanda, bali na risasi za mizinga ziachazo njia yake.

Tutazame mifano miwili. Tarehe 3 Juni 1997, mjini Lyon, Roberto Carlos wa Brazili aliupiga mpira wa adhabu dhidi ya Ufaransa kutoka kiasi cha mita 35. Aliupiga kwa upande wa nje wa mguu wa kushoto, akaugusa ubavu wa kulia. Mpira ulitoka nje kabisa ya ukuta wa wachezaji, ukarudi kushoto, ukagonga mhimili na kuingia, na mlinda lango Fabien Barthez amesimama pale pale. Hapo nguvu ilikuwa nyingi. Lakini tarehe 20 Juni 1976, mjini Belgrade, Antonín Panenka wa Chekoslovakia alipewa penalti ya mwisho katika fainali ya Ulaya dhidi ya Ujerumani Magharibi. Yeye aliudokoa mpira chini yake, polepole, ukaelea katikati ya lango ilhali mlinda lango Sepp Maier amekwisha jitupa kando. Kwa pigo hilo nchi yake ikatwaa kombe. Nguvu za wawili hawa zilitafautiana mno. Kilichowaunganisha ni kujua mahali pa kupiga.

Basi mtoto afundishwe vipi? Twaeni chokaa au mkaa, mtie alama nne juu ya mpira: katikati, chini, kulia na kushoto. Mpira uwekwe umetulia. Mguu wa kusimamia uwekwe kando ya mpira, ukielekea unakokusudiwa. Kifundo cha mguu upigao kikazwe, na macho yasiiache alama mpaka mguu uiguse. Aanze polepole, kwa hatua chache, akiipiga alama moja mara nyingi kabla ya kuhamia nyingine. Kila pigo aulizwe, "Umegusa wapi?" Akijibu mwenyewe, amekwisha jifunza, na hata mpira uliopotea utakuwa umemfunza jambo. Kisha azoezwe mguu wa pili. Na wadogo wapewe mpira mdogo na mwepesi, kwani mzito huwazoeza kutupa mguu ovyo. Nguvu ije mwisho. Mwili ukikua, itakuja yenyewe.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Mazoea mabaya ya mguu yakikauka, kuyavunja ni kazi kubwa. Lakini lililo kubwa zaidi ni moyo wa mtoto. Yule aliyeona haya akaacha kujaribu hakushindwa na mpira; ameshindwa na sisi tuliosimama kando tukipiga kelele. Jioni ya leo, mzee, ingia uwanjani, uiname, umwoneshe kwa kidole: "Hapa, mwanangu. Piga hapa."