Nyumba ya Mianzi, Sitara ya Familia

Gharika inapoikumba nyumba, vinavyohesabiwa kwanza ni vitanda, magodoro na mifugo. Lakini mama wa nyumba hupotewa na jambo lisiloandikwa katika daftari la misaada, nalo ni sitara. Hubakia na watoto wake chini ya turubai kando ya barabara, hana pembe ya kubadilishia nguo wala mahali pakavu pa kuteleka chungu. Ndugu zetu wa Tana River waliyaona hayo katika mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2023, na wenzetu wa Sindh, kusini mwa Pakistan, wameyaona zaidi ya mara moja. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi mwanamke mmoja wa huko alivyolikabili tatizo hili kwa mianzi, udongo na chokaa.

Bi Yasmeen Lari, aliyezaliwa mwaka 1941, anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Pakistan kufuzu usanifu wa majengo. Kwa miaka mingi alichora majumba makubwa ya saruji mjini Karachi, kisha akastaafu mwaka 2000. Tarehe 8 Oktoba 2005 tetemeko la ardhi liliangusha nyumba katika milima ya kaskazini na kuua makumi ya maelfu ya watu. Bi Lari, aliyekwisha kupita umri wa miaka 60, alikwenda huko akawasaidia watu kujenga upya kwa mawe na mbao za vifusi vyao wenyewe, pamoja na udongo na chokaa. Katika miaka iliyofuata akauongeza mwanzi.

Mwanzi si mti, bali ni wa jamii ya nyasi. Aghalabu hukomaa kwa kujengea katika muda wa miaka 3 hadi 5, na ukikatwa ipasavyo shina huchipua tena. Kwa kuwa una uwazi ndani ni mwepesi kubeba, na nyuzi zake ndefu huuwezesha kupinda kabla ya kuvunjika. Ukuta mzito wa matofali yasiyotiwa nondo ukitikiswa huwaporomokea waliomo ndani, ilhali nyumba nyepesi huyumba pamoja na ardhi.

Mojawapo ya nyumba za Bi Lari ni chumba chenye pembe 8. Vipande 8 vya ukuta huundwa kwa mianzi karakanani, kisha hufungwa pamoja uwanjani na kuezekwa paa. Kuta hutandikwa majamvi na kukandikwa udongo uliochanganywa na chokaa. Chokaa ndiyo kinga, kwani udongo mtupu humomonyoka majini, na wenye chokaa huvumilia.

Baada ya mafuriko ya mwaka 2010, yaliyofunika takriban sehemu moja kwa tano ya Pakistan, nyumba za namna hii zilijengwa vijijini Sindh. Kituo kimoja cha wanawake kiliinuliwa juu ya nguzo za mianzi ili maji yapite chini yake. Mwaka 2022 gharika ilirudi ikawaathiri watu wapatao milioni 33, na katika kijiji cha Pono nyumba zilizojengwa kwa njia hiyo zilibaki zimesimama.

Kina mama wa huko hawakukaa wakingoja kujengewa. Walifundishwa kukandika kuta na kufinyanga jiko la udongo na chokaa lililoinuliwa juu ya kikuta, lenye bomba la kutolea moshi. Mpishi huketi pasafi, macho hayawashwi na moshi, na maji ya mvua hayafiki motoni. Jiko hilo lilipata tuzo ya kimataifa ya makazi mwaka 2018, na mwaka 2023 Bi Lari mwenyewe akatunukiwa nishani ya dhahabu ya wasanifu majengo wa Uingereza.

Hata hivyo, mwanzi una maadui wawili, unyevu na wadudu. Ukichimbiwa mbichi ardhini huoza, na utamu ulio ndani yake huwavutia watoboaji. Kwa hiyo hulowekwa katika maji yenye dawa ya boraksi, hukaushwa kivulini, husimamishwa juu ya msingi wa mawe, na paa huvutwa nje ili mvua isipige ukuta.

Kwetu mwambao maarifa haya si mageni. Wazee wetu walisimamisha boriti, wakafunga fito, wakakandika udongo, wakaezeka makuti, na chokaa waliichoma kwa matumbawe. Mwanzi wa asili wa Kenya huota nyanda za juu, Aberdare, Mau na Mlima Kenya, hivyo sisi tutalazimika kuununua au kuotesha aina zinazostahimili joto. Hata hivyo, ufundi wa udongo na chokaa tungali nao kwa mafundi wachache wazee.

Twawanasihi vikundi vya kina mama na vijana wa vijiji vya kando ya mto waketi na wazee hao kabla ya masika, wajenge japo chumba kimoja kilichoinuliwa na wakipime kwa mvua. Turubai hurarika, na msaada hukoma. Aliyejifunza kujenga kwa mikono yake, maji yakipungua, ana pa kuanzia.