Herufi L na R katika Kiingereza na Kiswahili

Katika wilaya za Tarime na Serengeti watu wengi hutuuliza: kwa nini mwanafunzi ajuaye maneno mengi ya Kiingereza huandika "glass" akitaka kusema "grass"? Neno la kwanza maana yake ni kioo, na la pili ni majani. Basi akiandika habari za nyumbu wa Serengeti, msomaji ataelewa kwamba nyumbu hula vioo.

Wengine hudhani ni uvivu. Sivyo. Katika Kikuria sauti ya R ipo, lakini hakuna L inayosimama mbali nayo na kubadili maana ya neno. Mtoto aliyekua na lugha hiyo hakuwa na haja ya kuzipambanua, na sikio lake huzisikia kama moja. Wajapani nao hupata shida ile ile. Hata Mwingereza, mwambieni aseme "ng'ombe", mtaona ataabikavyo, maana katika lugha yake hakuna neno lianzalo kwa sauti hiyo.

Hasara yake si ndogo. Katika Kiswahili, aandikaye "nimepata mahali" amepata pa kukaa. Aandikaye "nimepata mahari" amepata ng'ombe wa kuolea. Kwa herufi moja tu, koo mbili zaweza kukosana. Katika Kiingereza, "correct" ni kusahihisha, na "collect" ni kukusanya. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, lakini katika sekondari masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mwanafunzi asiyetenga maneno hayo aweza kujibu swali asiloulizwa.

Dawa yake ni hii. Kwa kutamka L, ncha ya ulimi hugusa ufizi nyuma ya meno ya juu na kukaa pale, hewa ikipita pembeni. Jaribuni kuivuta: "llll". Ikivutika huku ulimi umetulia, hiyo ni L. R ya Kikuria na ya Kiswahili hugonga ufizi mara moja na kuondoka. R ya Kiingereza haigusi kabisa.

Kisha wanafunzi wawili waketi pamoja. Mmoja asome "light, right, load, road, play, pray", mwenziwe aandike asikiavyo, bila kutazama kitabu. Halafu wabadilishane. Kila neno walilokosea waliandike katika daftari pamoja na maana yake.

Tena, wajihadhari na kosa la pili: mtoto aliyechekwa sana kwa R zake huweka L kila mahali, akaandika "balua" badala ya "barua". Kwa hiyo twawasihi walimu na wazazi wasicheke. Kicheko humfundisha mtoto kunyamaza, na anyamazaye hawezi kusahihishwa.