Mafuta Ndani ya Ini: Mashine ya Sumaku Yaona Nini?



Mwenzetu mmoja, fundi wa kuchomea vyuma, alifika dispensere na karatasi ya ekografi mkononi. Imeandikwa kwamba ini lake lina mafuta. «Munganga, mimi si mnene, tena siumwi. Mafuta hayo yameingia namna gani?» Daktari alitaka apimwe tena kwa IRM, ile mashine ya sumaku, naye aliogopa. Nilivyomweleza yeye, nawaeleza na ninyi.

Mafuta yakipita asilimia 5 hivi ya ini, hapo ndipo ugonjwa. Hauumi. Huletwa na pombe, na unene wa tumbo, na ugonjwa wa sukari. Ukiachwa miaka mingi, ini laweza kuwa gumu lisifanye kazi tena. Ekografi ni ya bei nafuu, lakini mafuta yakiwa chini ya asilimia 20, mara nyingi haiyaoni. Sindano ya kutoa kipande cha ini huonyesha mengi, ila kipande kile ni kama sehemu 1 tu katika 50.000.

IRM haitumii miali ya radio. Sumaku yake husikiliza hidrojeni iliyo katika maji na katika mafuta ya mwili. Ile ya mafuta huzunguka polepole kidogo, kwa hiyo mara zinakuwa pamoja, mara zinapingana. Fikirini watu wawili kwenye wagoneti: wakisukuma upande mmoja, linakwenda, mmoja akisukuma huku na mwingine kule, linasimama. Mwaka 1984 Thomas Dixon, Mmarekani, alionyesha namna ya kupiga picha mbili, moja kwa kila hali. Ini likiwa jeusi zaidi katika picha ya kupingana, lina mafuta.

Njia hiyo ni ya haraka, lakini chuma kikijaa katika ini (damu ya kuongezewa mara nyingi huacha chuma) kinatia weusi katika picha ile nyingine, na mafuta yanafichika. Aliyepima anaweza kusema «hakuna kitu» na kumbe kipo.

Njia ya pili, spektroskopi, hupima sawasawa sana, lakini ndani ya kisanduku kidogo tu, kama santimeta 2 kila upande. Mafuta yakiwa mengi mahali pengine, hayahesabiwi.

Ya tatu hupiga picha kadhaa, mara nyingi sita, katika pumzi moja iliyozuiwa. Kompyuta inaondoa udanganyifu wa chuma na kutoa asilimia ya mafuta ya ini lote. Kwa mtu anayepunguza uzito na kutaka kujua kama mafuta yanashuka, mimi ningechagua hiyo. Kwa kujua tu kama yapo, picha mbili zaweza kutosha.

Ninyi mnaochomea na kusaga vyuma, sikieni hapa. Kipande kidogo cha chuma kilichobaki jichoni, hata cha zamani, sumaku yaweza kukisogeza na kupofusha jicho. Semeni kabla ya kuingia chumba kile. Fundi wetu, nilipomuuliza, alikumbuka cheche ya miaka iliyopita. Tulimtuma kwanza apigwe radio ya macho. Kipande kilikuwamo.