Kupanga Bomba la Moshi la Gari Lenye Turbo

Watu wengi walisikiapo gari lenye turbo likipita njiani kwa ngurumo nzito hudhani kwamba ngurumo hiyo ndiyo nguvu yenyewe, na kwamba atakaye nguvu hana budi kuondoa sailensa na kutia bomba pana. Dhana hiyo ina chembe ya kweli, lakini chembe hiyo imewaharibia wengi injini zao. Bomba la moshi, au ekzosi kama lisemwavyo gereji, ni jambo la kupimwa na kuhesabiwa kabla ya chuma kukatwa. Makala haya yaeleza namna ya kulipanga, kwa kutumia mfano wa gari moja lijulikanalo sana Afrika ya Mashariki.

Yafaa kwanza kufahamu kazi ya turbo. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1905. Moshi utokao katika silinda huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo limefungwa katika ekseli moja na gurudumu la pili, nalo husindika hewa na kuitia injini. Hewa ikizidi, petroli nyingi zaidi huweza kuunguzwa, na nguvu huongezeka. Gurudumu la kwanza huzunguka kwa sababu shinikizo la moshi upande wa injini ni kubwa kuliko shinikizo la upande wa bomba. Kwa hiyo kila kizuizi kilichoko baada ya turbo hupunguza tofauti hiyo, na turbo huchelewa kushika kasi.

Hapo ndipo injini ya turbo itofautianapo na injini ya kawaida. Katika injini ya kawaida urefu wa mabomba hupimwa ili mawimbi ya moshi yasaidie kuvuta moshi wa silinda nyingine. Baada ya turbo mawimbi hayo yamekwisha kuvunjwa na mapanga, basi kanuni ni nyepesi: moshi upite bila kuzuiwa. Kabla ya turbo kanuni ni nyingine. Huko moshi hutakiwa uwe moto na wenye kasi, na mabomba yaliyo mapana mno huupoza na kuulegeza.

Mfano wetu ni Subaru Impreza WRX, aina iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1992, ikiwa na injini ya EJ20 yenye ujazo wa sentimita 1,994 za mraba-tatu. Magari ya Impreza ya mashindano yalishinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 na mwaka 2000, na yale ya kawaida yameenea sana katika njia za Nairobi. Silinda zake zimelala mbili kila upande. Moshi wa pande zote mbili hukutana chini ya injini, hupanda hadi kwenye turbo iliyo upande wa kulia, kisha hushuka kwa bomba fupi ambalo mafundi huliita daunpaipu, na kuelekea nyuma. Ule mdundo wa Impreza za zamani, ambao wengi huupenda, hutokana na mabomba ya mbele kutolingana urefu. Atakayeyabadili yakalingana ataupoteza mdundo huo, hata sailensa iwe ya namna gani. Basi na aamue mapema alitakalo.

Swali la pili ni kipenyo. Tuseme bomba la inchi 2.5 linabadilishwa kuwa la inchi 3. Eneo la kupitia moshi huongezeka kwa 44 kwa mia. Lakini msuguano hupungua kwa kadiri kubwa zaidi, maana kwa moshi ule ule upotevu wa shinikizo hufuata takriban kipeo cha tano cha kipenyo. Kwa hiyo hubaki kama sehemu mbili tu kwa tano za ule wa kwanza. Mtu aweza kuuliza: mbona basi lisitiwe la inchi 4? Jawabu ni kwamba upotevu uliobaki kwa inchi 3 ni mdogo, na kuupunguza tena hakuleti faida ya kulingana na gharama. Uzito huongezeka kwa theluthi, nafasi kati ya bomba na ardhi hupungua, na kelele huzidi. Kwa injini ya lita mbili itumikayo njiani, inchi 3 yatosha.

Tena yapasa kukumbuka kwamba pembe moja mbaya huweza kufuta faida ya bomba zima. Bomba likikunjwa kwa mashine hafifu hubonyea ndani ya kona, na pale palipobonyea ndipo penye kipimo chake cha kweli. Faida kubwa kuliko zote hupatikana katika daunpaipu, kwa kuwa moshi utokao katika turbo ungali moto sana na wenye msukosuko.

Hapa pana hatari ambayo aghalabu husahauliwa. Turbo ina mlango wa pembeni, uitwao westigeti, ambao hupitisha moshi mwingine nje ya gurudumu ili hewa isisindikwe kupita kiasi. Mlango huo ulipimwa kwa bomba la awali. Bomba likifunguliwa, huenda mlango ukawa wazi kabisa na shinikizo la hewa likazidi kupanda. Ikiwa petroli haikuongezwa kwa kadiri hiyo, mchanganyiko huwa mkavu, joto huzidi, na petroli hulipuka silindani kabla ya wakati wake. Pistoni hupasuka kwa namna hiyo katika muda wa nukta chache. Kwa hiyo fedha ya kurekebisha kompyuta ya injini na kupima shinikizo sharti iwekwe kando tangu mwanzo. Asiye nayo na asubiri.

Baada ya hayo huja njia ya bomba. Vipimo vichukuliwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwani likiinuliwa kwa jeki springi hushuka, na nafasi ionekanayo si ya kweli. Bomba liwe mbali na tangi la petroli, mipira ya breki na propela shafti. Chuma nacho hurefuka kwa joto: mita mbili za chuma kisichoshika kutu, yaani stenlesi, zikipanda joto kwa digrii 400 za sentigredi hurefuka kwa milimita 14 hivi. Chuma cha kawaida hurefuka kwa milimita 10 hivi. Pasipokuwa na kiungo chenye kunyumbuka na mipira ya kuning'iniza, urefu huo utatafuta pa kwenda, na mara nyingi utapasua flanji. Fundi hodari hushikiza vipande kwa matone machache ya kuchomelea, hulijaribu bomba mahali pake, kisha hulishusha na kulimaliza chini. Kabla ya kuchomelea garini huondoa waya za betri. Maji yakimwagika hayazoleki, na bomba lililokatwa fupi halirefuki.

Kelele nayo ina hesabu yake. Injini ya silinda nne izungukapo mara 3,000 kwa dakika hutoa mapigo 100 kwa sekunde, na huo ndio uvumi uchoshao katika safari ndefu. Katika moshi wa digrii 300 sauti huenda karibu mita 480 kwa sekunde. Kwa hiyo wimbi moja lina urefu wa mita 4.8. Tawi la bomba lililozibwa ncha, lenye urefu wa robo ya wimbi, yaani mita 1.2, hulirudisha wimbi likiwa kinyume na kuupunguza uvumi bila kuuzuia moshi. Nchini Kenya kanuni za kelele zilitolewa mwaka 2009, na jirani mwenye mtoto mchanga alikuwa nazo zake kabla ya hapo.

Mwisho ni moshi wenyewe. Kaboni monoksidi haionekani wala hainuki, nayo huua. Mdomo wa bomba sharti upite ukingo wa nyuma wa gari, na kila kiungo kikaguliwe kama kinavuja. Kifaa cha kusafishia moshi, yaani katalisti, kisiondolewe kwa pupa. Ziko zenye matundu mapana zizuiazo kidogo tu. Lakini huwa na moto mkali, na gari lililosimamishwa juu ya nyasi kavu laweza kuziwasha.

Basi mpango mzuri huanza na shabaha ya nguvu, kisha kipenyo, njia, viungo, sailensa, na marekebisho ya kompyuta. Msumeno ndio wa mwisho kushikwa. Gari lililopangwa hivyo huenda halitamshtua mpita njia, lakini mwenyewe atalirudisha nyumbani likiwa zima.