Iafoni ya waya, masikio yasiyo na waya

Kabla ya kuulizia bei ya adapta ya Bluetooth ya kukuondolea waya, itazame iafoni yako pale waya unapokutana na kichwa kinachoingia sikioni. Kama waya umezama humo moja kwa moja, usiuvute, utaukata. Kama unachomoka, una mali mkononi. Sehemu yenye thamani katika iafoni ni zile spika ndogo za ndani, nazo zikitunzwa hudumu miaka mingi. Vingine vyote vinabadilishika.

Waya wa kuchomoka ulipendwa kwanza na watu wa jukwaani. Mwaka 1995 Jerry Harvey, fundi sauti wa bendi ya Van Halen ya Marekani, alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen iafoni za kuziba sikio ili ausikie muziki wake bila kuzidiwa na makelele ya jukwaa. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears. Mwanamuziki hutoka jasho, huruka, hukanyaga waya, na waya ndio hufa kwanza. Ukiwa unachomoka, unanunua waya mpya tu na onyesho linaendelea. Adapta za leo huchomekwa kwenye tundu lile lile la waya.

Tundu hilo si moja kwa iafoni zote, na hapa ndipo wengi wanapotupa fedha. Kampuni ya Shure, kwa mfano kwenye iafoni yake ya SE215, hutumia MMCX: kichomeo cha mviringo kinachoingia kwa mlio wa "tik" na kuweza kuzunguka. Iafoni nyingi za China zina pini mbili, kwa kawaida zenye unene wa milimita 0.78, lakini baadhi za kampuni ya KZ hutumia 0.75 zikiwa na kifuniko cha plastiki kinachozunguka pini. Tofauti ni ndogo kuliko unywele, ila pini nene ikisukumwa kwa nguvu kwenye tundu jembamba hulipanua, na baada ya hapo hakuna kitakachokaa. MMCX nayo haipendi kuchomolewa kila siku; viwanda huihesabia mizunguko kama 500. Ukishaweka adapta, iache hapo.

Sasa adapta yenyewe. Waya wa kawaida ni shaba tu, hauna akili. Adapta ina redio ya kupokea mawimbi, kigeuzi cha data kuwa sauti, amplifaya na betri, vyote vimebanwa ndani ya kidude kidogo. Maana yake ni kwamba kazi ya kuisukuma iafoni haifanywi tena na simu. Amplifaya ya simu nzuri uliyonunua kwa bei kubwa haina kazi hapa. Anayeamua sauti ni hicho kidude.

Wauzaji hawalizungumzii hili, nami naliona kubwa kuliko yote. Iafoni nyingi za kitaalamu huhitaji umeme mdogo mno. SE846 ya Shure ina ukinzani wa omu 9 tu na hutoa sauti ya desibeli 114 kwa miliwati moja. Ukiichomeka kwenye amplifaya yenye kelele zake za ndani, utasikia mvumo wa "shhh" kama redio iliyokosa stesheni, hata wimbo ukiwa umesimama. Tena ndani ya SE846 mna spika kadhaa, na ukinzani wake hubadilika kutoka sauti nene hadi nyembamba. Amplifaya ambayo yenyewe ina ukinzani mkubwa itazipunguza sauti fulani na kuziacha nyingine, hadi iafoni isikike kama si ile uliyoilipia. SE215 ina spika moja kila upande na omu kama 17. Yenyewe huvumilia adapta nyingi bila malalamiko.

Wanunuzi, badala yake, huuliza kodeki, yaani njia ya kuibana sauti ili ipite kwenye Bluetooth. Jibu ni fupi. SBC ipo kwenye kila kifaa cha muziki cha Bluetooth. iPhone hutumia SBC na AAC basi, kwa hiyo adapta iliyoandikwa LDAC au aptX haimwongezei mwenye iPhone kitu. Android imekuja na LDAC ya Sony tangu toleo la 8.0 la mwaka 2017, nayo hufika kilobiti 990 kwa sekunde mawimbi yakiwa safi. Ndani ya daladala, sidhani kama utaitofautisha na AAC.

Kwa umbo, ziko za kuzunguka shingo, na ziko za jozi zinazoning'inia kila moja kwenye sikio lake, kama UTWS za FiiO, BT20 za TRN au zile za Shure wenyewe. Aina ya tatu ni kisanduku kidogo cha kubana kwenye shati, kama BTR5 ya FiiO au Qudelix 5K, ambacho unakichomekea waya wako wa kawaida. Mimi nakipendelea kisanduku, ingawa waya mfupi unabaki kifuani. Kina nafasi ya amplifaya bora na betri kubwa, na hakijali tundu la iafoni yako ni la aina gani. Hata wale ambao waya wao hauchomoki wanaweza kukitumia. Za jozi ziachie mazoezi na safari.

Wanakwaya na wapiga vyombo, hili ni lenu: msitumie Bluetooth kujisikiliza jukwaani. Sauti huweza kuchelewa kwa moja ya tano ya sekunde au zaidi, na mwimbaji anayejisikia kwa kuchelewa hivyo atavuta wimbo nyuma. Jukwaani hutumika mitambo ya redio ya UHF, au waya. Kwenye video hutaona tatizo, kwani programu nyingi huchelewesha picha ili ilingane na sauti. Kwenye michezo ya simu utaliona.

Betri ya adapta itachoka baada ya miaka michache, kama ya simu. Ndiyo maana fedha nyingi zielekeze kwenye iafoni, na adapta ihesabu kuwa kitu cha kununuliwa tena. Ukienda dukani, nenda na iafoni yako mwenyewe. Ivae na adapta, iunganishe na simu yako, cheza wimbo kidogo kisha usimamishe, usikilize kimya kinachobaki. Baadhi ya adapta hujizima wimbo ukikoma, hivyo sikiliza pia pale wimbo unapoanza kwa sauti ya chini. Ukisikia mvumo, mrudishie muuzaji adapta yake.